Noah, boda au miguu? Jibu kwa mama wa Kimara Suka

Nimeulizwa swali na dada mmoja anayeishi Kimara Suka, nalifupisha. Ana watoto wawili, wa kike yuko la pili ana miaka 8, wa kiume yuko la sita ana miaka 12. Shule iko ng'ambo ya Morogoro Road, kwa miguu ni kama dakika 25. Yeye anatoka nyumbani saa 11 alfajiri kuwahi Kariakoo, mumewe ni mtu wa safari. Jirani ana Noah inabeba watoto wa mtaani kwa 40,000 kila mtoto kwa mwezi, mume anasema bora watafute boda wa kudumu, mama mkwe anasema kaka amshike mdogo wake mkono waende, "mbona nyie mlitembea". Na akifika sekondari huyo kaka ataanza kupanda daladala. Anauliza, usalama uko wapi hapo?

Dada yangu, nianze na jibu halafu ndo nieleze. Kwa umbali huo wa dakika 25 mimi ningewaacha watoto watembee, na hiyo hela ya Noah ningeitumia kumlipa mtu mzima wa kuwavusha barabara asubuhi na jioni. Najua haikukaa kichwani mwako kama jibu, maana sisi watu wa Dar tukishapata vihela kidogo kutembea tunaona ni dhiki, mtoto akitembea majirani wanasema mambo yamekuwa magumu pale kwa fulani. Lakini kazi yangu ni hii ya kukagua njia za wanafunzi, na nikichukua njia ya mtoto nikaikata vipande vipande, mara nyingi kabisa nakuta dakika 20 hazina shida yoyote ya maana, shida yote imejikusanya kwenye sehemu mbili tatu. Kwako wewe sehemu kubwa ni moja, Morogoro Road. Sasa mzazi analipa gari la mwezi mzima kwa sababu ya sekunde thelathini za kuvuka, na wakati mwingine hilo gari lenyewe linamshusha mtoto upande wa pili wa barabara avuke mwenyewe. Nimeliona hilo jamani, tena sio kwa gari moja.

Tuongee kuhusu hiyo barabara maana ndo kiini. Kuanzia Kimara kwenda Kibaha siku hizi ni njia nane, yaani kama leni nne za kuvuka kwa kila upande kutegemea na sehemu. Leni nne ni kama mita 14. Mtoto wa miaka 8 mwenye begi mgongoni anatembea mita moja na kidogo kwa sekunde, kwahiyo atatumia sekunde kama 12 kufika katikati. Gari linalokwenda 70 kwa saa, na pale watu wanakwenda zaidi ya hapo usiku na alfajiri, linakula mita 19 kila sekunde. Zidisha. Gari lililoko zaidi ya mita 200, yaani urefu wa viwanja viwili vya mpira, litamkuta mwanao bado yuko barabarani. Wewe mtu mzima ukisimama pale ukaona gari liko kule mbali unasema aah liko mbali hilo, unavuka, kwa sababu unakimbia kidogo na unajua kukadiria. Mtoto hajui. Sio mjinga, ubongo wake bado haujafika huko, mpaka miaka 9, 10 hivi watoto wengi wanaona gari liko wapi lakini hawajui linakuja kwa kasi gani, wanachanganya ukubwa na ukaribu, lori kubwa linalotembea polepole linawatisha, pikipiki inayokimbia hawaioni kama ni kitu.

Na ndo maana kumwambia tu mtoto "uwe makini barabarani" ni maneno matupu. Makini vipi? Atakuitikia ndiyo mama.

Kuhusu spidi kuna hesabu nyingine ambayo napenda wazazi waijue. Gari linalokwenda 30 kwa saa, breki nzima, barabara kavu, dereva akistuka na kukanyaga breki linasimama ndani ya mita kama 13. Likiwa 50 linahitaji kama 28. Yaani spidi haijafika hata mara mbili lakini umbali umezidi mara mbili, na hapo 50 ndo kiwango cha kisheria kwenye maeneo ya makazi, sio kwamba dereva amevunja sheria. Ndo sababu Shirika la Afya Duniani wanasisitiza 30 sehemu zenye shule, mtu akigongwa kwa 30 ana nafasi kubwa sana ya kuishi, kwa 50 na kuendelea hiyo nafasi inaporomoka. Hao hao WHO wanasema ajali za barabarani ndo muuaji namba moja duniani wa watu wa miaka 5 hadi 29, kwahiyo sisi tunaohangaika na malaria ya mtoto (na ni sawa kabisa kuhangaika) tunamwachia hii nyingine iende kwa kudra.

Sasa mama mkwe na wazo la kaka. Namheshimu mama, na zamani kweli tulitembea, ila hiyo Morogoro Road tuliyovuka sio hii. Mtoto wa miaka 12 aliyefundishwa vizuri anaweza kujivusha mwenyewe sehemu yenye zebra nzuri au taa. Kumvusha mwenzake ni kazi nyingine. Ukimpa mkono wa mdogo wake macho yake yanakuwa kwa mdogo, huyu anavuta, ameangusha kiatu, ameona mwenzake upande wa pili anataka kukimbia, na kaka naye ana marafiki zake wanaomcheka. Halafu Mungu apishe mbali likitokea la kutokea, unataka huyo kijana aishi na hiyo maisha yake yote? Asipewe. Watembee pamoja sawa, wachungane njiani sawa, lakini pale barabarani awepo mtu mzima.

Mtu gani? Hapa ndo nataka uzunguke kidogo mtaani. Watoto wanaotoka upande wenu kwenda shule ile sio wako peke yake, hesabu nyumba. Mkiwa nyumba nane mkichanga 15,000 kila nyumba hiyo ni 120,000 kwa mwezi, kwa kazi ya kama saa moja na nusu asubuhi na nyingine mchana. Wewe peke yako kwenye Noah ungetoa 80,000. Mtaani hamkosi mama mtu mzima anayeheshimika, mwingine anauza vitumbua pale pale kituoni na anawajua watoto kwa majina ya mama zao, au mzee mstaafu ambaye kila asubuhi yuko macho. Awe mtu ambaye mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wanamfahamu, mkamtambulishe kabisa ofisi ya serikali ya mtaa na kwa mwalimu mkuu, anunuliwe rifleketa kama zile za bodaboda, na mwende kituo cha polisi kuomba trafiki amfundishe namna ya kusimamisha magari, maana kusimama mbele ya magari bila kujua unachofanya ni kujiua wewe na watoto. Trafiki wana watu wa elimu, huwa wanakuja shuleni wakiitwa, msisubiri mpaka Wiki ya Nenda kwa Usalama.

Watoto wanakusanyika sehemu moja saa fulani, wanaondoka kundi, wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati. Kundi la watoto kumi na tano lenye mtu mzima dereva analiona kuanzia mbali. Mmoja mmoja haonekani.

Halafu kabla ya yote, Jumamosi moja usiende popote, itembee hiyo njia na watoto wako, na siku nyingine ya kazi omba ruhusa ukaitembee ile saa wanayotembea wao, kwa sababu njia ya Jumamosi saa 4 sio njia ya Jumatatu saa 12 na nusu. Kila sehemu ya kuvukia chuchumaa mpaka macho yako yawe usawa wa macho ya binti. Utashangaa. Meza ya mchicha, boda zilizopaki, kibanda cha wakala wa miamala, vyote hivyo vinamziba, haoni gari na gari halimuoni. Wakati mwingine ukisogea hatua ishirini tu unapata sehemu ya wazi. Kama kuna zebra au daraja la waenda kwa miguu linalowaongezea dakika kumi, hizo dakika kumi ziingizwe kwenye ratiba, waamke mapema kidogo, mjadala uishe.

Wafundishe kuvuka kwa kufanya, tena mara nyingi. Ya kwanza, tunaendesha kushoto kwahiyo gari la kwanza kukufikia linatoka kulia, wanaanza kulia, kushoto, kulia tena, wakifika katikati wanasimama kabisa na kuanza upya kwa kuangalia kushoto maana upande ule magari yanatokea huko. Lakini hii ni Dar, kuna watu wanatanua kwenye foleni, kuna boda zinakuja upande usio wake, kwahiyo hata sehemu ambayo magari yanatakiwa kutoka upande mmoja tu waangalie pande zote mbili, na kwenye njia ya mwendokasi vilevile, yale mabasi ni marefu, hayana kelele sana na hayasimami kirahisi.

Ya pili, na kama watasahau yote hii wasiisahau: gari moja likisimama kwenye zebra sio barabara imesimama. Leni ya kwanza dereva muungwana kasimama, anampungia mtoto mkono pita pita, mtoto anakimbia kwa furaha, leni ya pili kuna jamaa haelewi kwa nini mwenzake kasimama, anaovateki. Watoto wengi wamekwenda hivyo. Anatakiwa asimame kwenye pua ya gari lililosimama, achungulie leni inayofuata, aone limesimama na hilo, ndo asogee. Kila leni ni barabara yake. Ya tatu inafanana na hiyo, ukishuka kwenye daladala au gari la shule usipite mbele yake kuvuka, subiri liondoke. Na wakitembea sehemu isiyo na njia ya miguu watembee kulia, wayaone magari yanayokuja usoni.

Kitu kingine ambacho wazazi hawakiweki kwenye hesabu ya usalama ni kuwahi namba shuleni asubuhi. Mtoto anayejua akichelewa anachapwa au anapigishwa magoti getini hatasubiri gari lipite, atakimbia. Wewe umemfundisha mwezi mzima kusimama na kuangalia pande zote, kengele moja ya shule inafuta yote. Nenda ukaongee na mwalimu wa zamu au mwalimu wa darasa, mwambie watoto wa ng'ambo wanavushwa kwa kundi, siku nyingine foleni na mvua zitawachelewesha, wasiadhibiwe kwa hilo. Wengi wanaelewa ukienda kwa adabu na mkiwa wazazi zaidi ya mmoja.

Na giza. Mwezi wa sita na wa saba jua letu linachomoza kama saa 12 na nusu, kwahiyo mtoto anayetoka saa 12 kamili anatembea gizani na sweta lake la bluu iliyoiva, kwa dereva huyo hayupo. Kariakoo unafanya kazi huko huko, tafuta ule utepe unaong'aa ukimulikwa na taa, shona kwenye begi nyuma na kwenye mikono ya sweta. Bei ndogo, kazi kubwa. Jina la mtoto usiliandike nje ya begi kwa herufi kubwa, andika ndani na namba zako za simu, maana mtu baki akisoma jina halafu akaita "Neema njoo, mama kanituma" mtoto anaamini anajulikana.

Sasa Noah ya jirani. Sisemi ni mbaya, nasema iulize maswali kabla hujalipa. Magari ya wanafunzi yanatakiwa yawe na leseni ya LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, na yana rangi yake ya njano, hiyo ya jirani ina nini? Dereva ana leseni daraja C, ambalo ndo la magari ya abiria, au ana D ya gari lake la kwenda kazini? Noah ni siti 7 au 8, yeye anabeba watoto wangapi? Usimuulize yeye, amka asubuhi moja uhesabu wanaposhuka shuleni, maana wakikuambia "wadogo wadogo tu wanakaa" ujue ni kumi na sita. Ajali ya Karatu ya Mei 2017 iliyoua wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao, gari lilikuwa limebeba watu zaidi ya uwezo wake, na nchi nzima tulilia, lakini nenda mtaa wowote wa Kimara saa 12 asubuhi uone.

Uliza pia anapiga tripu ngapi. Dereva mwenye tripu tatu kabla ya saa 1 na nusu lazima akimbize, hata awe mlokole. Siku akiumwa nani anaendesha, kuna deiwaka? Wewe deiwaka unamjua? Kuna mtu mzima wa pili ndani ya gari, ikiwezekana mwanamke, wa kushika mlango na kuwavusha wanaoshuka? Gari linamshushia mwanao upande wa shule au ng'ambo? Na akimaliza kushusha huwa anapita siti kwa siti kuangalia kama kuna aliyelala? Hili la mwisho watu wanalichukulia poa sana. Gari lililofungwa vioo kwenye jua la Dar joto la ndani linapanda kama digrii kumi ndani ya dakika kumi tu na linaendelea kupanda, na mwili wa mtoto unapata joto haraka kuliko wako. Kama jirani anajibu haya yote bila kukasirika, basi kwa siku za mvua kubwa au kama kundi la kutembea limeshindikana, mpe. Akianza "mama fulani we una maswali kama polisi", umeshapata jibu.

Boda wa kudumu, hapa naomba mume wako anisamehe. Kwa binti wa miaka 8, hapana. Miguu yake haifiki vizuri kwenye vikanyagio, hawezi kujishika mwenyewe boda akikwepa shimo, helmeti ya mtu mzima kichwani kwake inazunguka kama sufuria haimkingi kitu. Na ukishakubali boda mmoja, wiki ya pili utakuta ni mishikaki, binti katikati, kaka nyuma, na mtoto wa jirani kwenye tenki, kwa sababu tripu moja inalipa kuliko tatu. Pikipiki ni abiria mmoja. Kwa kijana wa 12, siku ya dharura, boda mnayemfahamu wa kijiwe chenye viongozi, helmeti inayomkaa na kamba imefungwa, sawa, lakini sio kila siku.

Na kuna hili lingine ambalo nisipolisema nitakuwa nimekuficha. Mtu wa kumdhuru mtoto mara nyingi sio mgeni mwenye gari jeusi tunayewatishia naye, ni mtu anayejulikana, anayempa lifti, anayemnunulia chipsi, anayemwambia "usimwambie mama nimekupa hii". Simsemei vibaya boda wala dereva wa Noah, wengi wana watoto wao. Nasema tu usimpe mtu yeyote mmoja mtoto wako peke yake, kila siku, saa zile zile, bila jicho la mwingine. Wawe wawili au zaidi siku zote. Mwekeeni neno la siri la nyumbani, neno la kipuuzi tu, mtu yeyote atakayesema katumwa na mama alitaje, asipolitaja mtoto arudi kwa mwalimu hata kama ni baba mdogo. Na jioni usimuulize "umeshindaje" akajibu "nzuri", muulize leo umerudi na nani, mlipita wapi, nani aliwapa nini. Ukiuliza kila siku kwa kawaida, siku kikitokea kitu atakwambia. Akikwambia, usimpige kelele wala usikimbilie kusuluhishana kifamilia, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ni ya simu za watoto, bure, hata yeye mwenyewe aikariri.

Mvua. Masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, na vuli za mwisho wa mwaka, huko Kimara mnajua mabonde yalivyo na mitaro inavyojaa ghafla. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini yanambeba mtu mzima, mtoto ndo usiseme, na kama nusu mita yakiwa yanakimbia yanaweza kusomba gari dogo, sasa dereva anayesema "mimi napajua hapa" anajua barabara ya chini, hajui imekatika au la. Aprili 2024 kule Arusha gari la shule lilisombwa na maji watoto wakafa. Weka sheria moja ya nyumbani ambayo haina majadiliano: maji yakiwa yanapita juu ya njia, wanarudi. Hawaendi shule siku hiyo, au wakiwa wanatoka shule wanabaki kwa mwalimu au kwa mtu mliyekubaliana naye kabla. Mtihani utarudiwa.

Suala la kaka na daladala za sekondari nisilimalize juu juu. Mwanafunzi analipa 200, mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili yake, na konda ana hesabu ya bosi jioni, ndo sababu anawaambia "wanafunzi wawili tu" na wengine anawafukuza mlangoni. Ni kosa, lakini ukijua sababu yake unajua na hatari iko wapi. Hatari iko kwenye kudandia, kijana kaachwa na magari mengi tayari kachelewa, anaona moja inapunguza mwendo anajirusha mlangoni, au konda anamwambia shuka haraka gari linatembea. Mwambie waziwazi kwamba kuchelewa nyumbani unakubali, kudandia hukubali, na umaanishe, siku akifika saa 2 usiku kwa sababu aliachwa usimgombeze. Apandie kituo cha mwanzo wa ruti kama inawezekana hata kwa kurudi nyuma kidogo kwa miguu, maana pale gari limesimama kweli. Awe na nauli ya ziada mfukoni tofauti na ya kawaida, kwa sababu kuna kukatisha ruti, anashushwa katikati usiku na 200 yake imeisha, hapo ndo mtoto anapopokea lifti. Asikae wala kusimama mlangoni. Gari likimnyanyasa asibishane, akariri namba ya gari, wewe upeleke kwa trafiki au LATRA.

Mwisho kuna kazi ya kufanya na wazazi wenzako ambayo ni kubwa kuliko yote niliyosema, na haihitaji hela, inahitaji kusumbuana. Kuna shirika linaitwa Amend ambalo limefanya kazi kwenye shule za Dar kwa miaka, programu yao inaitwa SARSAI, wanachofanya ni kuangalia njia za kwenda shule zenye hatari na kuweka vitu vya kawaida kabisa: matuta, zebra, njia ya miguu, nguzo za kuzuia magari, wakati mwingine hata kuhamisha geti la shule lisifungukie kwenye barabara kubwa. Utafiti uliofanyika hapa hapa Dar ulionyesha watoto kujeruhiwa barabarani kulipungua kwa kama robo, na 2019 hiyo programu ikashinda tuzo ya kimataifa ya WRI Ross Center. Matuta na geti, sio teknolojia ya ajabu. Kwahiyo kamati ya shule iandike barua, wazazi wasaini, ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani. Morogoro Road iko chini ya TANROADS, zile za mitaani ni TARURA, usipeleke barua ya moja kwa nyingine mtazungushwa mwaka mzima. Weka picha za asubuhi watoto wanavyovuka, taja sehemu hasa na saa hasa. Ombeni kitu kimoja kinachoeleweka, zebra yenye matuta na mahali pa kusimama katikati, msiombe "usalama uboreshwe" maana barua ya namna hiyo inajibiwa na barua nyingine.

Wakati barua inazunguka, anza na hili wiki hii: mwalimu wa darasa awe na namba yako na ya jirani mmoja, mtu wa kuvusha akutumie meseji fupi watoto wakishavuka asubuhi na wakirudi mchana, na mkubaliane saa. Kama saa hiyo imepita kwa nusu saa hakuna meseji, usisubiri mpaka utoke Kariakoo, jirani anaanza kufuata njia yao kwa miguu kuelekea shule, wewe unampigia mwalimu, na wakikosekana pande zote mbili unapiga 112 polisi na kumpigia mwenyekiti wa mtaa hapo hapo, hakuna kusubiri saa 24, hayo ni mambo ya kwenye filamu.